KAFARA ILIYOPINDULIWA: NENO LA FIQHI MIKONONI MWA WAUZA DAMU WA KANDA YA ZIWA

 

Ndugu msomaji, kuanzia mwaka 2007 magazeti yetu yalijaa habari za watu wenye ualbino waliokuwa wakiuawa Shinyanga, Mwanza na upande wa Geita, ambayo wakati ule ilikuwa bado wilaya ya mkoa wa Mwanza kabla ya kufanywa mkoa mwaka 2012. Watu walivamiwa usiku ndani ya nyumba zao, wakakatwa viungo mbele ya wazazi au watoto wao, na viungo vile vikapelekwa kwa waganga kwa ajili ya watafutao utajiri. Hadi mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulikuwa ukitaja zaidi ya watu 70 waliouawa Tanzania tangu mwaka 2000, na hao ni wale tu ambao habari zao zilitoka nje ya vijiji vyao.

Katika habari zile neno moja lilirudiwa mpaka likazoeleka: fulani "katolewa kafara". Waandishi waliliandika, wanasiasa wakalitamka, wahubiri wakalihubiri, na tukiri pia kwamba limesikika juu ya mimbari zetu wenyewe. Mchimbaji wa dhahabu akipata mwamba mzuri ghafla, jirani hunong'ona kwamba ametoa kafara. Duara likiporomoka na kufukia watu, husemwa kwamba mwenye duara hakutoa kafara, au alitoa pungufu.

Sina ugomvi na Kiswahili. Maneno mengi ya Kiarabu yameingia katika lugha yetu yakabadilika maana na hakuna aliyedhurika. Karamu asili yake ni ukarimu, nasi tukaifanya kuwa pilau na biriani; hilo halina neno. Lakini neno kafara halikubadilika tu. Limepinduliwa juu chini, na kupinduliwa kwake kumempa muuaji vazi la ibada ambalo hakustahiki kulivaa. Ndiyo maana naona linafaa kuhakikiwa na watu wa fiqhi kabla ya watu wa kamusi.

KAFARA KATIKA FIQHI

Mzizi wa neno hili kwa Kiarabu ni kufunika, kama mkulima afunikavyo mbegu kwa udongo. Kafara ni tendo linalofunika kosa lililokwisha kutendeka. Qur'ani imeitaja kafara ya kiapo (al-Maida, aya ya 89), nayo ni kulisha maskini 10, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku 3. Imetaja kafara ya dhihari (al-Mujadala, 3 na 4), ya kuua kwa makosa (an-Nisaa, 92), na ya aliyeua windo akiwa katika ihramu (al-Maida, 95). Sunna ikaongeza ya aliyemwingilia mkewe mchana wa Ramadhani.

Hebu itazame orodha hii kwa makini. Damu ya mnyama imo mahali pamoja tu, kwenye windo la ihramu, na hata hapo mkosaji amepewa hiari ya kulisha maskini au kufunga. Kafara zote zilizobaki ni chakula, nguo, saumu na uhuru wa mtumwa. Kisha utazame nani analipa na nani anafaidika. Kafara huja baada ya kosa. Hulipwa na mkosaji mwenyewe, kutoka mfukoni mwake au tumboni mwake kwa njaa ya saumu. Na faida yake humwendea maskini au mtumwa. Kile kinachoitwa kafara katika maduara ya Geita huja kabla ya pato, hulipwa kwa mwili wa mtu mwingine, na faida humwendea mnunuzi. Hakuna nguzo hata moja ya kafara iliyobaki mahali pake.

Ipo riwaya katika Muwatta ya Imamu Malik ambayo inatosha peke yake kuikata kesi hii. Mwanamke mmoja alimjia Abdallah bin Abbas (r.a.) akamweleza kwamba ameweka nadhiri ya kumchinja mwanawe. Ibn Abbas akamwambia asimchinje, bali atoe kafara ya kiapo chake. Mzee mmoja aliyekuwepo akashangaa: kafara itaingiaje katika jambo kama hili? Ibn Abbas akamjibu kwa mfano wa dhihari, kwamba kauli ile nayo ni ovu, na bado Mwenyezi Mungu ameiwekea kafara.

Imamu at-Tabari katika Tarikh yake ana riwaya nyingine ya kisa kinachofanana na hicho, na ni ndefu zaidi. Humo Ibn Umar hakuona la kumwambia yule mama ila kwamba nadhiri hutekelezwa; Ibn Abbas akamtajia ngamia 100; na khabari ilipomfikia Marwan bin al-Hakam, aliyekuwa amiri wa Madina, akasema wote wawili hawakupatia, kwani hakuna nadhiri katika kumuasi Mwenyezi Mungu, basi mama yule aombe msamaha, atoe sadaka na afanye mema. Watu wakaipenda fatwa ya Marwan. Msomaji wa historia anajua kwamba Marwan si mtu wa kusifiwa kwa kila jambo, lakini hapa alisema neno la haki.

Maimamu wakarithi hitilafu hii, na Ibn Qudama ameieleza katika al-Mughni. Abu Hanifa na mwanafunzi wake Muhammad walisema aliyeweka nadhiri ya kumchinja mwanawe achinje kondoo, kwa kufuata kisa cha Nabii Ibrahim (a.s.). Abu Yusuf akasema hapana kitu juu yake. Imamu Shafi'i naye aliiona nadhiri hiyo kuwa ni maasi, haifungi. Kutoka kwa Imamu Ahmad zimepokewa kauli mbili, kafara ya kiapo na kondoo. Wamehitilafiana kama atoe kondoo, alishe maskini, au aombe tu toba. Katika kumsalimisha mtoto hawakuhitilafiana hata kidogo.

Hapo ndipo lilipo neno letu. Katika kisa cha yule mama, kafara ni kile kinacholipwa ili mtu ASICHINJWE. Kilichofanyika Shinyanga na Geita ni kulichukua neno hilohilo na kuliita tendo la kumchinja.

UMMA ZILIZOPITA, NA KISA CHA MTO NAILI

Wapo watakaosema kwamba mauaji haya ni masalia ya mila za kale, kwamba kila umma ulianza na damu ya mtu kisha ukahamia kwenye damu ya mnyama, na kwamba Idd el-Hajj yetu nayo imechipuka kwenye shina hilohilo. Kauli hii ina wazazi mashuhuri Ulaya. Edward Tylor mwaka 1871 aliieleza sadaka kuwa zawadi ya kuipendeza miungu. William Robertson Smith mwaka 1889 akasema ni mlo wa pamoja baina ya kabila na mungu wao, na akaujenga msingi wa maneno yake juu ya kisa cha ngamia aliyeliwa mbichi na Waarabu wa jangwani, kisa kilichosimuliwa kwa jina la Nilus, ambacho watafiti waliokuja baadaye wamekitilia shaka kubwa. René Girard mwaka 1972 akaja na nadharia kwamba jamii humuua mmoja ili wengine wasiuane.

Siwakatai kwa jumla. Ushahidi wa watu kuchinjwa kwa ajili ya miungu upo na ni mzito. Mji wa Mexico, mwaka 2015, wachimbuzi walifukua mabaki ya mnara wa mafuvu karibu na hekalu kuu la Waazteki, na yalipochunguzwa ikaonekana kwamba yamo pia ya wanawake na watoto. Karthago, kwenye viunga vya Tunis ya leo, tangu mwaka 1921 umefukuliwa uwanja wenye vyungu vya majivu na mifupa ya watoto wachanga. Wapo wataalamu wanaoshikilia kuwa wale ni watoto waliochinjwa, na wapo wanaoshikilia kuwa wengi wao walikufa kwa maradhi wakazikwa pale kwa heshima. Warumi waliopenda kuwasimanga Wakarthago kwa jambo hili, baraza lao wenyewe lilihitaji kutoa amri ya kukataza kuchinja watu mwaka 97 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.). Amri haitolewi dhidi ya jambo lisilofanyika.

Maquraishi nao hawakuwa mbali na hayo. Sira ya Ibn Ishaq inasimulia nadhiri ya Abdul-Muttalib kwamba akijaaliwa watoto 10 wa kiume wa kumlinda atamchinja mmoja wao kwenye Al-Kaaba. Mishale ya kura ikamwangukia Abdallah, baba wa Mtume (s.a.w.). Maquraishi wakamzuia, wakaenda kwa kahini mwanamke, naye akawauliza: diya ya mtu kwenu ni kiasi gani? Wakamwambia ngamia 10. Akawaagiza wapige kura baina ya kijana na ngamia 10, na kila kura ikimwangukia kijana waongeze 10 wengine. Ikafika 100 ndipo kura ikaangukia ngamia. Kinachonigusa katika kisa hiki ni kwamba hata yule kahini wa Kijahilia, alipoulizwa, alitafuta njia ya kumtoa mtu kwenye kisu. Makahini wa Kanda ya Ziwa wa zama zetu wanatafuta njia ya kumwingiza.

Juu ya hili nina neno na masheikh wenzangu. Kila mauaji haya yanapozungumzwa misikitini, hakikosi kisa cha bibi arusi wa Naili: kwamba Wamisri walikuwa wakimtosa mtoni binti bikira kila mwaka ili maji yajae, Amr bin al-As akawakataza, mto ukagoma, na Umar bin al-Khattab (r.a.) akauandikia mto barua. Kisa ni kitamu na hadhira hulia. Lakini ukikifuata mpaka kwa Ibn Abdil-Hakam aliyekiandika katika Futuh Misr, utakuta kimepokewa kwa Ibn Lahi'a, ambaye wanahadithi wanajua udhaifu wake, kutoka kwa Qays bin al-Hajjaj, kutoka kwa mtu ambaye hata jina lake halikutajwa. Isnadi ya namna hii haitoshi hata kuthibitisha deni la kibaba cha mtama. Tunazo dalili sahihi tele: katika Sahih Muslim imo laana juu ya mwenye kuchinja kwa ajili ya asiyekuwa Mwenyezi Mungu, katika Bukhari na Muslim imo hadithi inayofuta fara'a na atira, machinjo mawili ya Kijahilia, na Surat al-Hajj, aya ya 37, imebainisha kwamba nyama na damu hazimfikii Mwenyezi Mungu, bali kinachomfikia ni uchamungu. Ya nini basi kuyatoboa mavazi yetu kwa kisa chenye mpokezi asiyejulikana?

Turudi kwenye wanaosema "mila za kale". Umma hizo zote, kwa upotofu wao, zilichinja hadharani, kwa mikono ya makuhani, kwa ajili ya mungu waliyemjua kwa jina, zikiomba mvua au ushindi wa umma mzima. Mkarthago, ikiwa kweli alichinja, alimtoa mwanawe wa kumzaa. Mauaji ya Kanda ya Ziwa hufanyika gizani. Hapana mungu anayetajwa, hapana umma unaoombewa mvua, na anayekatwa si mtoto wa mnunuzi bali ni wa maskini mwingine. Kiungo hupewa bei, kikawa na mnunuzi, dalali na mkataji. Hivyo neno kafara linakataliwa na fiqhi, na ukiipa historia ya dini za kale nafasi ya kushuhudia, nayo italikataa. Hii ni biashara.

Na hata mila ya Wasukuma haistahiki kubebeshwa mzigo huu. Msukuma wa zamani aliwatambikia masamva, mizimu ya wazee wake, kwa mbuzi, kwa ng'ombe, kwa pombe ya mtama. Na mfumu wake alipiga bao kwa kupasua kuku na kusoma matumbo yake. Sisi kwa itikadi yetu tunayakataa yote hayo na hatufichi. Lakini kukataa hakuturuhusu kuzua. Deborah Bryceson na wenzake wawili, katika makala yao ya mwaka 2010 kuhusu uchawi wa wachimbaji na mauaji ya watu wenye ualbino, wameyaweka mauaji haya mahali pake: kwenye rashi za dhahabu na almasi, kwenye tamaa na hofu ya mchimbaji, na kwenye soko ambalo mganga ndiye muuzaji. Ni kazi ya kusomwa. Wao si watu wa fiqhi na hatuwadai kazi ya fiqhi. Swali la nani alimpa mganga neno "kafara" ni letu sisi, na jibu lake halitupendezi.

NENO LILIPITA KWETU

Neno hili halikuzaliwa Usukumani. Limepanda kutoka pwani. Kamusi zetu hulieleza kuwa ni sadaka au mnyama anayetolewa kuondosha balaa, na watu wa pwani wanakumbuka ng'ombe aliyezungushwa mji kwa visomo, akachinjwa, nyama ikagawiwa, na pengine vitu vikatupwa baharini au kuachwa njia panda. Tayari hapo neno lilikuwa limeanza kuhama: kutoka kufunika kosa lililopita hadi kuzuia balaa lijalo, na kutoka kulisha maskini hadi kuchinja. Wanavyuoni waliosimama kupinga bidaa na ushirikina pwani, akina Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui (aliyefariki 1947) na Sheikh Abdalla Saleh Farsy (aliyefariki 1982), waliona hatari ya mlango wa namna hii.

Vitabu vyetu vya Kishafi'i vyenyewe vina mas'ala ya anayechinja kwa sababu ya majini. Wamesema, na kauli hii imo katika Rawdha ya Imamu Nawawi na vitabu vilivyoifuata, kwamba akikusudia kujikurubisha kwa Mwenyezi Mungu ili amwepushe na shari yao, kichinjwa ni halali; akiwakusudia majini wenyewe, ni haramu. Ni mlango mwembamba mno, umetundikwa juu ya nia ambayo haionekani kwa macho. Mganga mwenye kanzu, tasbihi na kitabu cha ramli ameupitisha ng'ombe mzima mlangoni humo, na nyuma ya ng'ombe akapita mtu mwenye panga. Wengi wa waganga wa Kanda ya Ziwa si Waislamu, hilo linajulikana. Lakini hirizi, zindiko, ramli, majini na kafara ni msamiati waliouchukua kwetu, na wapo miongoni mwao wanaoandika dawa zao kwa herufi za Kiarabu ili mteja aogope zaidi.

Mchimbaji Mwislamu huuliza: je, naweza kumchinja mbuzi mdomoni mwa duara langu, nikasoma Bismillahi na kuwalisha wenzangu? Amepokea Abu Daud kisa cha mtu aliyeweka nadhiri ya kuchinja ngamia mahali paitwapo Buwana. Mtume (s.a.w.) aliuliza kwanza kama palikuwa na sanamu lililoabudiwa pale, au sikukuu ya Kijahilia iliyofanyika pale. Alipoambiwa hapana, akamruhusu atekeleze nadhiri yake. Maana yake ni kwamba mahali panaweza kuharibu ibada hata kama jina la Mwenyezi Mungu limetajwa. Mdomo wa duara ambako jana mganga alimwaga damu kwa ajili ya wenye dhahabu wa chini ya ardhi, kwangu mimi ni Buwana yenye sanamu. Mbuzi wako mchinje nyumbani na nyama wapelekee wajane.

Ama hofu ya mchimbaji, hiyo ni ya kweli na hatuidharau. Mtu anashuka mita nyingi chini kwa kamba, matimba yameoza, mvua imelainisha udongo. Oktoba 2015, katika machimbo ya Nyangarata wilayani Kahama, wachimbaji walifukiwa, na watano wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa mizizi, mende na vyura. Mmoja akafariki baadaye hospitali. Januari 2017, mkoani Geita, watu 15 akiwemo raia mmoja wa China walifukiwa mgodini na wote wakatolewa wazima baada ya siku kadhaa. Waliowatoa ni watu wenye sururu, mashine na mabomba. Hakuna aliyewatoa kwa kiungo cha mtu.

HUKUMU YA MNYORORO

Tukishaliondoa vazi la ibada, kinachobaki ni kuua kwa kukusudia pamoja na sihri, na hapa fiqhi ina maneno ambayo sijaona yakifundishwa inavyotakiwa.

La kwanza ni la ushirika. Imepokewa kwamba Umar bin al-Khattab (r.a.) aliwaua watu kadhaa kwa ajili ya mtu mmoja aliyeuawa Sana'a, na akasema kwamba lau watu wote wa mji ule wangeshiriki angewaua wote. Hivyo wakataji, wakiwa watano, hawajifichi mmoja nyuma ya mwingine. Lakini aliyeagiza? Kwa kauli mashuhuri ya Mashafi'i, kisasi ni juu ya mwenye kutenda kwa mkono wake, na aliyemwamuru bila ya kumlazimisha huadhibiwa kwa taaziri. Nasema kwa adabu zote kwamba kauli hii, ikichukuliwa kwa haraka, inamwachia mnunuzi upenyo, naye ndiye chanzo cha soko. Wamaliki wanaiita qatlul-ghila ile ya kumuua mtu kwa hila na kumvamia alipo katika amani yake ili kuchukua kilicho chake, wakaiingiza katika mlango wa uharamia, ambako hata msamaha wa warithi haumwokoi muuaji, kwani haki imekuwa ya umma. Anayeingia nyumba ya mtu usiku kwa panga ili auze mkono wake amefanya ghila ya wazi. Sheria ya nchi nayo, katika kifungu cha 22 cha Kanuni ya Adhabu, humhesabu aliyeshauri au kuagiza kuwa mtendaji. Tatizo ni kwamba mahakamani wanafika wakataji, na pengine mganga, mnunuzi haonekani. Ilipotolewa hukumu ya kwanza, Septemba 2009 huko Kahama, waliohukumiwa kunyongwa ni watu watatu waliomuua kijana wa Bukombe. Serikali ilifuta leseni za waganga Januari 2009, ikapigisha kura za siri za kuwataja wahusika mwaka huohuo, ikapiga marufuku tena Januari 2015. Mwezi uliofuata mtoto wa mwaka mmoja na ushei akaporwa Chato, mkoani Geita, mwili wake ukapatikana hauna mikono wala miguu.

La pili ni zito zaidi, la mzazi. Katika baadhi ya kesi ndugu wa damu, mume au baba wametiwa mbaroni. Machi 2015 Mahakama Kuu Mwanza iliwahukumu kifo watu wanne kwa mauaji ya mwanamke yaliyofanyika Geita mwaka 2008, na mumewe alikuwa miongoni mwao. Mwaka 2024, huko Muleba mkoani Kagera, aliuawa mtoto wa miaka miwili na nusu, na kati ya watu tisa walioshtakiwa alikuwemo baba yake. Jamhuri ya maimamu wamesema mzazi hauawi kwa mwanawe, kwa hadithi iliyokuja katika hilo. Mtu asiichukue kauli hii kuwa ni ruhusa, kwani diya na kafara na taaziri vinabaki. Imamu Malik akatofautisha: akimrushia kitu kwa hasira akamuua, hapo pana shubha ya adabu ya mzazi, ama akimlaza chini akamchinja, shubha imeondoka na kisasi kinamthibitikia. Malik alikuwa akizungumzia kitendo ambacho watu wa zama zake waliona ni nadra mno kutokea. Sisi tumeona baba akishtakiwa kwacho.

La tatu ni kafara yenyewe. Mahanafi, Wamaliki na kauli mashuhuri ya Mahambali wamesema aliyeua kwa kukusudia hana kafara, kwa kuwa kosa lake ni kubwa kuliko kufunikwa na kafara. Imamu Shafi'i akasema anayo, kwani ikiwa aliyekosea bila kukusudia anahitaji kufunikiwa, mwenye kukusudia anahitaji zaidi. Ndio madhehebu ya wengi wetu Afrika Mashariki. Kwa hiyo yule anayetembea Geita akidhani ametoa kafara, kwa madhehebu yetu kafara haijatoka bado: anadaiwa, pamoja na hukumu iliyo juu ya shingo yake, miezi miwili ya saumu mfululizo, maadamu watumwa hawapo tena.

La mwisho nimeliacha makusudi, kwa kuwa ndilo linalowafikia watu wa vijijini kila msiba unapotokea. Wauza damu waliposhindwa kuwapata walio hai waligeukia makaburi. Familia za Shinyanga na mikoa jirani zikaanza kuyamwagia zege makaburi ya ndugu zao wenye ualbino, au kuwazika ndani ya nyumba. Hapo hapo uongo ukaendelea kusemwa kwamba watu hawa hawafi bali hupotea. Baadhi ya maimamu wetu wa vijiji wamewakataza watu zege kwa sababu Mtume (s.a.w.) amekataza kaburi kutiwa chokaa na kujengewa. Hadithi ni sahihi. Lakini Mashafi'i waliposema ni makruhu waliweka sharti: isiwe pana hofu ya mfukuaji, mnyama au mafuriko. Ikiwepo hofu hiyo karaha huondoka, kwani kaburi limewekwa kumsitiri maiti, na mfupa wa maiti una heshima ya mfupa wa aliye hai, kama ilivyopokewa na Abu Daud na Ibn Majah. Mwizi wa viungo ndiye mfukuaji hasa waliyemkusudia, ingawa wa zama zao alitaka sanda tu.

Saruji hiyo, basi, ni katika gharama za mazishi. Hutolewa katika mali ya marehemu kabla ya deni na wasia. Asipoacha kitu, ni juu ya yule aliyelazimika kumlisha alipokuwa hai, na huyo asipoweza, kwa kuwa Baitul-Mali hatuna, ni juu ya Waislamu wenye uwezo wa mji ule. Imamu wa kijiji asiwaache wafiwa wahangaike kukopa dukani: atume mtu kwa mifuko, mchanga na kokoto kabla jeneza halijatoka.